Virginia, wasia wa 1748: mwana mkubwa kaachiwa shilingi moja tu. Alikataliwa na baba yake?

MchoraMti aliuliza:

Wakuu, salaam. Naomba macho yenu kwenye ukoo mmoja wa wakulima wenye uwezo, Virginia ya enzi za ukoloni wa Waingereza, upande wa kaskazini, mahali ambapo leo ni kaunti ya Loudoun. Naweka kwanza yaliyomo kwenye nyaraka, maswali yatafuata.

Baba wa familia alipata hati mbili za ardhi kwenye kijito kimoja: ekari 640 mwaka 1731, na ekari 510 mwaka 1740. Wasia wake una tarehe 10 Machi 1747 na ulithibitishwa katika mahakama ya kaunti ya Fairfax Mei 1748, hivyo nimeandika kwamba aliishi mwaka mzima na zaidi baada ya kuusia. Mke kapewa nyumba na theluthi ya shamba hadi kufa kwake. Mwana wa pili kapewa ekari 300 na wa tatu ekari 340, kila mmoja "yeye na warithi wa mwili wake". Mabinti wawili wamepata kila mmoja kitanda na matandiko yake, pamoja na mtumwa mmoja aliyetajwa kwa jina. Mwana mkubwa: shilingi moja. Mwishoni yumo kijana mwenye jina la ukoo tofauti, ameitwa "son-in-law", ameachiwa farasi na tandiko atakapofika miaka 21.

Rejista ya parokia inasema baba alifunga ndoa 12 Aprili 1720, na mwana mkubwa alizaliwa 20 Februari 1720.

Maswali yangu:

1. Mwana mkubwa alikataliwa na baba yake?
2. Alizaliwa kabla ya ndoa?
3. Huyo mkwe aliye chini ya miaka 21 alimwoa binti gani? Mabinti wote wawili mwaka 1748 bado wanaitwa kwa jina la baba yao.
4. Orodha ya kodi ya vichwa ya 1761 ina wanaume wawili wenye jina la mwana mkubwa, "Senior" na "Junior". Ni baba na mwana? Maana mwaka 1771 mmoja wao anauza zile ekari 510.

---

KaraniWaMirathi:

Mkuu, umeziandika hesabu zote lakini hujazijumlisha. Wasia unagawa 300 na 340, jumla 640. Hiyo ni hati ya 1731 peke yake. Ekari 510 za 1740 hazimo kabisa kwenye wasia, na 1771 zinauzwa na mtu mwenye jina la mwana mkubwa. Shilingi moja haikuwa adhabu. Mwana mkubwa alikuwa ameshapewa fungu lake wakati baba yu hai, na ile shilingi iliandikwa ili asije mtu akadai mahakamani kwamba mzee alimsahau mwanawe. Ukisoma wasia wa Virginia wa miaka hiyo, ukiona shilingi, swali la kwanza liwe: huyu alipewa nini mapema, na hati iko wapi?

Hati ya kuitafuta ni ya zawadi. Mara nyingi imeandikwa kwamba ardhi inatolewa "kwa mapenzi ya asili na shilingi 5". Itafute kuanzia 1741 au 1742, kijana alipofika miaka 21, hadi 1748. Usipoipata usikate tamaa, kwa sababu wazee wengi walimweka kijana shambani bila kuandikisha chochote. Hapo kimbilia maandishi ya hati ya mauzo ya 1771 yenyewe. Usitosheke na muhtasari uliochapishwa. Soma maneno yote. Karibu kila mara kuna sentensi inayoeleza muuzaji aliipataje ardhi: kwa zawadi ya baba, kwa wasia, au kama mrithi wa sheria. Wanaofupisha hati huiruka sentensi hiyo, nayo ndiyo inayobeba nasaba.

Kuna uwezekano mwingine. Kama baba hakuitoa ardhi hiyo na hakuitaja kwenye wasia, na hakukuwa na kifungu cha "mali yangu yote iliyobaki", basi ekari 510 ziliangukia sheria ya asiyeusia. Virginia ilifuata sheria ya kifungua mimba: ardhi yote isiyousiwa ilikwenda kwa mwana wa kwanza, na wadogo zake hawakupata hata ekari moja. Sheria hiyo ilifutwa 1785. Mali inayohamishika iligawanywa tofauti: theluthi kwa mjane, iliyobaki kwa watoto. Kwa hiyo kwa njia yoyote ile, mwana mkubwa wako ndiye aliyetoka na kipande kikubwa kuliko wenzake.

Angalizo kwa wanaohamisha mawazo haya koloni nyingine: Massachusetts na Pennsylvania hazikumpa kifungua mimba yote, zilimpa mafungu mawili pale mwenzake alipopata moja. Ukikuta huko mgawanyo wa mali ya baba aliyekufa bila wasia, watoto sita lakini mafungu saba, mwenye mawili ndiye mwana mkubwa.

Kuhusu "yeye na warithi wa mwili wake": usiyapite maneno hayo. Yanaifunga ardhi isiuzwe wala isiusiwe; inashuka tu kwa watoto wa kuzaliwa. Tangu 1705 Virginia haikuruhusu kifungo hicho kivunjwe kwa ujanja wa mahakamani uliotumika Uingereza. Ilibidi Bunge la koloni lipitishe sheria kwa ajili ya familia hiyo. Kuanzia 1734, mashamba yenye thamani chini ya paundi 200 za Uingereza yalipata njia nyepesi ya amri maalumu ya mahakama, iitwayo ad quod damnum. Kwa mtafiti wa nasaba hii ni hazina, kwa sababu sheria hizo za familia husimulia mtiririko wote: nani alimwachia nani, nani alikufa bila mtoto, nani sasa anashikilia. Zimo katika juzuu 13 za sheria za Virginia alizokusanya William Waller Hening. Kifungo chenyewe kilifutwa Oktoba 1776, na ghafla baada ya hapo utaona mashamba mengi yaliyokaa kimya miaka 40 yanaanza kuuzwa.

Swali la tatu ni jepesi. Katika Kiingereza cha wakati huo "son-in-law" mara nyingi ni mtoto wa kambo. Kijana huyo hakuoa binti yeyote. Mama yake ndiye mjane aliyetajwa kwenye wasia, na jina lake la ukoo ni la mume aliyetangulia wa mama huyo. Maana yake mke wa 1748 si lazima awe bibi harusi wa 1720. Maneno mengine ya kuangalia: "cousin" aweza kuwa mpwa, "infant" ni yeyote aliye chini ya miaka 21 hata akiwa na ndevu, na "orphan" ni mtoto aliyefiwa na baba hata kama mama yupo hai jikoni. "Natural son" nayo isikutishe. Mara nyingine inasema tu kwamba ni mwana wa damu, si wa kambo.

---

TareheMbiliMbili:

Swali la pili, na kosa moja ambalo hukuliuliza.

Hadi 1751 mwaka wa kisheria katika makoloni ya Kiingereza ulianza 25 Machi. Januari, Februari na siku 24 za kwanza za Machi zilikuwa mwisho wa mwaka, si mwanzo. Kwa hiyo 20 Februari 1720 inakuja baada ya 12 Aprili 1720, miezi kumi kamili baada ya ndoa. Mtoto ni wa ndani ya ndoa bila shaka yoyote. Kwenye mti wako andika 20 Februari 1720/21, na usiandike 1721 peke yake, maana atakayekufuata atadhani umeshabadilisha au hujabadilisha, naye atabadilisha tena.

Sasa kosa. Wasia wa 10 Machi 1747 umeangukia kabla ya 25 Machi. Ni 10 Machi 1747/48. Kati ya kuusia na kuthibitishwa kwa wasia ni miezi miwili, si kumi na minne. Mzee alikuwa mgonjwa au karibu ya kufa alipouandika, na sentensi yako ya "aliishi mwaka mzima na zaidi" lazima ifutwe. Jambo hili linagusa pia lile la shilingi: aligawa mali akijua mwisho umefika, akiwa na picha kamili ya nani ameshapata.

Siku nazo zilihama. Septemba 1752 walilala tarehe 2 wakaamka tarehe 14. Mfano unaojulikana ni George Washington: Biblia ya familia inasema alizaliwa 11 Februari 1731/2, na kwa kalenda mpya ni 22 Februari 1732. Wewe usihamishe siku za ukoo wako. Acha siku ilivyo kwenye rejista, weka mwaka pacha, basi. Ukianza kuongeza siku 11 huku na kuacha kule, mti mzima utaparaganyika.

Loudoun ilikuwa na Makweka wengi (Quakers, dhehebu la Kikristo), hasa Waterford. Ukikuta binti ameolewa nao, wao hawakutaja miezi kwa majina bali kwa namba, na kabla ya 1752 mwezi wa kwanza ni Machi, wa kumi na mbili ni Februari. Programu nyingi za ukoo husoma "mwezi wa 1" kuwa Januari bila kukuuliza. Na "8ber" ni Oktoba, si Agosti.

---

MinyororoNaFimbo:

Wenzangu wamesema ya wasia na kalenda. Mimi nasema fuata ardhi, kwa sababu familia ya mkulima mwenye mali huacha alama kwenye ardhi hata pale kanisa lilipoungua na Biblia ya nyumbani ikapotea. Kila ekari iliyoingia lazima itoke kwa namna fulani: kuuzwa, kuusiwa, kurithiwa, kugawiwa mjane, kuuzwa kwa deni. Fungua daftari la ardhi, upande mmoja zilizoingia, upande wa pili zilizotoka. Wewe una 1,150 zilizoingia. Usipumzike mpaka upande wa pili nao ufike 1,150.

Kwanza ujue kaunti. Shamba lako halikusogea lakini mahakama yake ilibadilika mara tatu. Eneo la Loudoun lilikuwa ndani ya Stafford. 1731 likaingia Prince William. 1742 likawa Fairfax. 1757 likawa Loudoun. Hati ya zawadi ikiwa ya 1741 usiitafute Fairfax, itafute Prince William. Hapo ujiandae, kwa kuwa vitabu vya Stafford na Prince William vina mapengo makubwa. Lakini kukosekana kwa hati kwenye kitabu kilichopotea si ushahidi kwamba hati haikuwepo. Liandike hilo waziwazi kwenye kumbukumbu zako.

Pili, ardhi ya kati ya mto Potomac na Rappahannock haikutolewa na Mfalme. Ilikuwa milki ya akina Fairfax, iitwayo Northern Neck, na vitabu vyake ni tofauti na vile vya ardhi ya Mfalme. Vipo Library of Virginia, Richmond, na picha zake zinasomwa bure mtandaoni. Nasema hivi kwa sababu watu hukimbilia utaratibu wa ekari 50 kwa kila mtu aliyevushwa bahari, wakaanza kutafuta majina ya wavushwa ndani ya hati. Northern Neck hakukuwa na utaratibu huo. Mtu alilipa ada, akapata kibali, ardhi ikapimwa, kisha hati. Na hata huko kwingine kwenye ekari 50, majina yale si familia ya mwenye hati, wala mwaka wa hati si mwaka wa kufika, kwani haki hizo ziliuzwa mkono kwa mkono.

Ukipata hati, usisome ekari tu. Chora ramani ya mipaka. Utaratibu ni huu: andika kila mstari wa mpaka kwenye mstari wake, mfano "S 40 E, 120 poles, hadi mwaloni mweupe kwenye kona ya fulani", yaani digrii 40 kutoka kusini kuelekea mashariki. Kipimo hicho cha "poles" ni fimbo ya futi 16.5, yaani mita 5.03. Fimbo 320 ni maili moja. Ekari moja ni fimbo za mraba 160. Mnyororo wa mpimaji una futi 66, sawa na fimbo 4. Ukichora kwa kipimo cha 1:24,000, sentimita moja ni karibu fimbo 48, na mchoro wako utakaa sawasawa juu ya ramani za serikali ya Marekani za kipimo hicho. Tumia pembe kutoka kaskazini au kusini kama ilivyoandikwa, si kutoka mstari uliotangulia.

Mstari wa mwisho unatakiwa urudi ulipoanzia. Usiporudi, sababu huwa ni hizi. Karani aliruka mstari mmoja wakati wa kunakili: mchoro unaachia pengo kubwa lenye umbo la mstari ule uliopotea. Au aligeuza mwelekeo, NE ikawa SW: jaribu kugeuza mstari mmoja mmoja uone upi unafunga umbo. Au umesoma 1 kuwa 7. Pengo dogo la fimbo tano sita ni la kawaida, mnyororo ulivutwa msituni kwenye vilima. Umbo zima likiwa limepinda digrii kadhaa dhidi ya mto halisi, hilo ni la dira: kaskazini ya sumaku huhama miaka ikipita. Lizungushe umbo lote kwa pamoja, usiguse mstari mmoja mmoja.

Kisha chora na za majirani. Hapo ndipo ukoo unajitokeza. Aliyeshika mnyororo wakati wa kupima, shahidi wa hati, mdhamini wa msimamizi wa mirathi, baba wa bibi harusi: ni walewale wa mashamba matano yanayopakana. Jina la ukoo la yule mtoto wa kambo, nina hakika litakuwa kwenye mojawapo ya mipaka hiyo au ng'ambo ya kijito.

Na ukikosa hati za kumiliki, angalia za kupanga. Kaskazini mwa Virginia ilikuwa kawaida kupangisha ardhi kwa "uhai wa watu watatu": mkataba unadumu hadi wa mwisho kati ya watatu waliotajwa afe. Kwa kawaida ni mpangaji, mkewe na mtoto mmoja, pengine na umri wao. Mkataba wa namna hiyo unaweza kukupa mama na mtoto kwenye karatasi moja.

---

MchoraMti:

Asanteni sana. Nimefuta ile sentensi ya mwaka mzima, na 1747/48 nimeiweka. Nimefungua daftari la ardhi kama alivyosema MinyororoNaFimbo, nikapitia na orodha za kodi, hesabu ya zilizotoka imenipa jambo jipya: mwana wa tatu alifariki 1755 bila mtoto, bila wasia. Lakini ekari zake 340, mwaka 1782 zinalipiwa kodi na mtoto wa mwana mkubwa. Hakuna hati ya mauzo popote. Zilifikaje huko, wakati mwana wa pili alikuwepo?

---

KaraniWaMirathi:

Hilo ndilo jibu la swali lako la kwanza, mkuu, limejileta lenyewe. Ardhi ilifungwa kwa warithi wa mwili wa mwana wa tatu. Mwili ule haukuacha mrithi. Kama wasia haukutaja nani afuate, ardhi inarudi kwa mrithi wa sheria wa yule aliyeifunga, yaani baba, na mrithi wa sheria wa baba ni kifungua mimba wake. Hakuna hati kwa sababu haikuhitajika. Sheria ndiyo iliyohamisha. Kwa hiyo una ushahidi kwamba aliyeachiwa shilingi alihesabiwa kuwa mwana mkubwa halali, na kwamba mlipa kodi wa 1782 ni wa mstari wake. Hakikisha tu unasoma tena wasia neno kwa neno uone kama hakuna maneno ya "na akifa bila mtoto, iende kwa…". Yakiwepo, hesabu inabadilika.

Endelea na vitabu vya kodi ya ardhi mwaka kwa mwaka kuanzia 1782. Usiruke. Mwaka ambao jina linabadilika, au linaongezwa "mirathi ya", ndio mwaka wa kwenda kuchimba kwenye vitabu vya mahakama. Unavihitaji zaidi kwa sababu sensa ya 1790 ya Virginia haikubaki, na kile kinachoitwa sensa ya Virginia ya 1790 kwenye tovuti nyingi ni orodha za kodi za miaka ya 1782 hadi 1785 zilizowekwa badala yake.

---

BintiWaRejista:

Nagusa swali la nne, halafu la mama.

"Senior" na "Junior" wa 1761 si lazima wawe baba na mwana. Ilikuwa alama ya kutofautisha masomo (watu wenye jina moja) wawili wa eneo moja, mkubwa na mdogo kwa umri: ami na mpwa, binamu wawili, au watu wasio na undugu. Mkubwa akifa au akihama, "Junior" wa jana anakuwa "Senior" wa leo, na hapo ndipo watu huunganisha wanaume wawili kuwa mmoja.

Tengeneza jedwali. Kila somo apate safu yake, na kila waraka uingie kwenye safu moja tu au ubaki nje kwa alama ya kuuliza. Vitambulisho vya kutumia: jina la mke, kijito, majirani, sahihi au alama ya mkono, kazi, idadi ya watozwa kodi nyumbani. Alama ya mkono ni nzuri kuliko inavyodhaniwa, mradi uione kwenye hati ya asili, kwa kuwa kwenye kitabu cha kaunti karani alizinakili kwa mkono wake. Mtu aliyetia sahihi kamili 1750 hageuki kuweka alama ya herufi 1755, isipokuwa akiwa mgonjwa.

Orodha ya kodi ya vichwa ina siri yake. Virginia iliwahesabu wanaume weupe kuanzia miaka 16, na watumwa wa kiume na wa kike kuanzia 16, kwa hali ilivyokuwa 10 Juni. Kijana anatokea kwanza chini ya jina la baba akiwa na 16, halafu anajitokeza peke yake anapoanza kujitegemea. Orodha za Loudoun zimebaki kuanzia 1758, kwa hiyo unaweza kuupanga umri wa wajukuu wote wa kiume kwa kutazama mwaka wa kwanza wa kila jina. Ukimwona "Junior" anaanzia nyumbani kwa "Senior", una jambo la kujenga juu yake. Ukimwona anaanzia kwa mtu mwingine, umeshajua si mwanawe.

Sasa mama. Mke alikuwa na haki ya theluthi ya ardhi ya mumewe kwa maisha yake yote, hivyo mume alipouza, mnunuzi makini alidai mke aachilie haki hiyo. Mahakimu walimhoji peke yake, mbali na mumewe, wakaandika jina lake kwenye kitabu cha amri. Zipange hati zote alizouza baba kabla ya 1748 kwa tarehe, uandike mke aliyetajwa kwenye kila moja. Jina likibadilika, mke wa kwanza alifariki kati ya tarehe hizo mbili. Likitoweka kisha likarudi jina lingine, una kipindi cha ujane wake pia. Majina ya kwanza yakifanana, usidanganyike. Kina Mary na Elizabeth walikuwa wengi mno.

Kijana wa kambo mtafute kwenye dhamana za walezi na kesi za yatima. Aliyefika miaka 14 aliweza kujichagulia mlezi mbele ya mahakama, kwa hiyo siku ya kuchagua inakupa ukomo wa mwaka wake wa kuzaliwa. Na baba yake mzazi utamfikia kwa kutafuta mirathi iliyosimamiwa na mjane pamoja na mume wake mpya, ambaye ndiye mzee wako.

---

WaliotajwaKwaJina:

Kuna watu wawili kwenye swali la mwanzo ambao hakuna aliyewarudia: wale waliousiwa kwa mabinti. Wana majina. Waingizeni kwenye utafiti kama watu wenye nasaba, maana utajiri wa shamba la Virginia wa 1748 ulikuwa ni wao na jasho lao, na vizazi vyao vinawatafuta leo kwenye nyaraka hizihizi.

Kazi inaanza na orodha ya mali, ile iliyofanywa na wathamini baada ya kifo. Nakili majina yote kwa mpangilio ulioandikwa, pamoja na thamani, bila kuyapanga upya kwa alfabeti. Mpangilio ni ushahidi: mwanamke, kisha watoto wadogo chini yake, mara nyingi ni mama na wanawe. Thamani hufuata umri, ikipanda hadi utu uzima na kushuka uzeeni. Mtoto wa paundi 10 mwaka 1748 akiwa paundi 45 mwaka 1760 ni yuleyule aliyekua. Lakini linganisha fedha ya aina moja tu. Dola ya fedha ya Kihispania ilikuwa shilingi 4 na peni 6 za Uingereza, shilingi 6 za Virginia, shilingi 7 na peni 6 za Pennsylvania. Paundi 100 za Uingereza zilikuwa kama 133 za Virginia.

Jenga nasaba hiyo kupitia mama. Sheria ya Virginia ya 1662 iliweka kwamba mtoto anafuata hali ya mama yake, na ndiyo maana nyaraka zinamtaja mama na kumnyamazia baba. Tena sheria ya 1705 iliwahesabu watumwa kama ardhi kwenye mambo ya urithi, hivyo pale pasipo wasia walikwenda kwa kifungua mimba, naye akawalipa wadogo zake thamani ya mafungu yao. Usiishie kwenye mgawanyo wa 1748. Fuata kila jina kwenye orodha ya mali ya kila mrithi, ya kila mkwe, na kwenye orodha za kodi ya mali za kuanzia 1782, ambazo katika kaunti kadhaa ziliandika watumwa kwa majina miaka ya mwanzo.

Na theluthi ya mjane isisahaulike. Mfano wa kaunti hiyohiyo ya Fairfax: mwaka 1799 Washington aliorodhesha watu 317 waliokuwa utumwani Mount Vernon. Wake mwenyewe walikuwa 123. Waliokuwa 153 walitokana na theluthi ya mkewe Martha kutoka mirathi ya mume wake wa kwanza, Daniel Parke Custis, aliyefariki 1757 bila wasia. Washington aliwaachia huru walio wake kwa wasia, lakini hao wa Custis hakuwa na mamlaka nao. Martha alipofariki 1802 waligawiwa wajukuu wa Custis, na ndoa nyingi zilizovuka mpaka huo zikavunjwa. Anayetafuta watu hao chini ya jina la Washington hatawapata. Kwenye kesi yako vivyo hivyo: mjane alikuwa na mume kabla, na ana mtoto wa kiume aliye hai. Baadhi ya walioishi kwenye shamba hilo huenda walikuwa wa mirathi ya mume yule wa kwanza, nao waliondoka na yule kijana alipofika miaka 21. Angalia majina yaliyopo shambani kabla ya 1748 lakini hayamo kwenye orodha ya mali.

Hao wawili waliousiwa kwa mabinti watakusaidia pia kwenye jambo ulilolikosa, majina ya ndoa ya mabinti. Binti hupotea akiolewa, jina lake la ukoo likafutika. Aliyeusiwa hapotei: ukikuta jina lake kwenye orodha ya mali ya mwanamume wa jirani miaka ya 1750 au 1760, hasa kama si jina la kawaida, umempata mume wa binti. Linganisha na majina ya wajukuu; Virginia walikuwa na desturi ya kumpa mtoto jina la ukoo la mama yake kuwa jina lake la kwanza.

---

MinyororoNaFimbo:

Nyongeza fupi juu ya vinasaba, kabla hajaja wa kusema "pima tu". Kipimo cha kromosomu ya Y kinaweza kusema kama Senior na Junior wako ni wa mstari mmoja wa kiume. Wapimwe wazao wa kiume kwa kiume tupu, angalau wawili kwa kila somo, tena kupitia wana tofauti, kwa alama 111 badala ya 37. Kikisema hapana, umemaliza. Kikisema ndiyo, hakitakuambia kama walikuwa ndugu, binamu au ami na mpwa; hapo unarudi kwenye karatasi. Kipimo cha kawaida cha vinasaba vyote kwa umbali wa vizazi saba kinabeba wastani wa sehemu 1 kati ya 128 kutoka kwa babu mmoja, na wengi hawatalingana kabisa ingawa ni ndugu wa kweli.

Wewe anza na hati ya mauzo ya 1771. Ikiwa na jina la mke aliyeachilia theluthi yake, liweke kwenye jedwali la BintiWaRejista, utajua muuzaji ni Senior au Junior.